Vifaranga Niliowapika kwenye Chungu

Katika ujana wangu, Wadachi wakiwa bado wanatutawala, niliwapika vifaranga wanane wa mke wangu wakiwa hai. Nilikuwa nimebatizwa miaka miwili tu na nimemaliza shule ya juu ya misheni, kwa hiyo nilijua kila kitu.

Kicheche alikuwa amemchukua kuku mama, akaacha vifaranga kumi na wawili. Kuku yule mke wangu alipewa na mama yake tulipooana. Alitaka kuwalea yatima wake kikapuni kando ya mafiga, kama wanawake wote wa Kyela. Lakini mimi nilikuwa nimeona kwa mmisionari sanduku la vifaranga lenye taa chini yake. Taa sikuwa nayo. Nikachukua chungu kikubwa cha Wakisi, wale wafinyanzi wa ziwani, nikatia makaa na majivu ya moto, juu yake pumba za mpunga, kisha majani makavu ya mgomba, na vifaranga juu kabisa. Nyumba yetu ilivuja, kwa hiyo chungu nikakipeleka kwa baba, jirani yetu, ambaye ng'ombe wake walilala ndani na joto halikukosekana.

"Nani atawaangalia?" mke wangu akauliza. "Mimi siingii kwa baba yako."

Kwetu mke hakutani na baba mkwe. Akimwona njiani anaingia migombani. Haongei naye, wala hakanyagi nyumba yake.

"Tumebatizwa," nikamwambia. "Hayo yamekwisha."

"Yamekwisha kwako. Wewe huna wa kumkimbia."

Nikaenda zangu mazoezi ya kwaya.

Yaliyofuata nilisimuliwa na baba mwenyewe. Mvua ilishuka, naye kwa huruma akaongeza makaa. Vifaranga wakapiga kelele. Mke wangu akasikia, akaja nje ya ukuta, na kwa kuwa hakuruhusiwa kusema na mkwewe, akasema na mbuzi aliyefungwa upenuni.

"Wewe mbuzi, mwambie mwenye nyumba watoto wanaungua."

"Mbuzi," baba akajibu kutoka ndani, "mwambie huyo wa nje, kazi ya kifaranga ni kulia."

"Mbuzi, mwambie atie mkono apime."

"Mbuzi, mwambie msomi wa moto ni mumewe. Mimi ni mzee wa ng'ombe tu."

Kisha harufu ikatoka. Mke wangu akajitanda nguo kichwani, akaingia kinyumenyume, ameinama. Baba akajifunika blanketi gubigubi asimwone. Mke wangu aliwatoa vifaranga kwa mikono mitupu, vidole vikaungua. Wanne walikuwa wazima.

Jirani mwingine alimwona akitoka kwa baba. Niliporudi, ndugu za baba walikuwa wameshakusanyika uani kwake.

"Wewe ndiye uliyemtuma aingie humu," mkubwa wao akauliza, "au ni jeuri yake?"

"Sikumtuma, tata," nikasema, nikimwita baba kwa lugha yetu. "Hata mimi nimeshangaa."

Mke wangu alikuwa jikoni kwetu, hatua kumi kutoka pale, vifaranga wanne wamelala kifuani mwake. Alisikia kila neno. Wazee wakaamua arudishwe kwao akafundwe upya. Hakusubiri kusindikizwa. Kesho yake alichukua kikapu chake akaenda kwao Ndandalo.

Nilimfuata baada ya wiki tatu. Mama mkwe alinipa ndizi, maongezi akaninyima. Mke wangu alitoka na vidole vyenye makovu mapya.

"Utawaambia wazee chungu ulikiweka wewe," akasema, "na kwamba ni wewe uliyesema mambo hayo yamekwisha?"

"Nitawaambia."

Aliniamini, tukarudi pamoja siku ileile. Jioni akauliza kama nimewaambia. Nikasema kesho. Aliuliza tena mara nne au tano, halafu akaacha. Wazee wale walikufa mmoja baada ya mwingine, wa mwisho katika miaka ya vita, wote wakijua kwamba nilioa mwanamke jeuri. Na katika kila msiba wao, mke wangu ndiye aliyewachotea maji waombolezaji.