Kahawa ya Mkwe na Dagaa wa Safari

Kwetu, upande wa Bukoba, mgeni akiingia anapewa kahawa ya kutafuna. Punje zinachemshwa na majani, zinakaushwa, unatia mdomoni na mazungumzo yanaanza. Ile ya kunywa tuliiona kwa padri. Kwa hiyo mkwe wangu alipoleta mashine ya kahawa hapa kwake Pasiansi, Mwanza, akaiweka jikoni inang'aa kama pikipiki mpya, akasema, "Baba, hii nimeinunua kwa ajili yako," nilicheka. Sikujua ndiyo inanifungia geti.

Ngoja nieleze nilifikaje. Nilikuja kutibiwa goti. Nilibeba mfuko wa buni ya shambani kwangu, maana kwa mkwe huendi mikono mitupu, na wao hawakurudishi mikono mitupu. Binti yangu akaikaanga, akaihifadhi, ndiyo tuliyokuwa tunaitia kwenye mashine. Goti lilipona zamani. Nikisema nataka kwenda kwangu naambiwa ngoja kidogo baba, mvua, ngoja kidogo baba, barabara. Geti lina kufuli kwa sababu ya wezi, na funguo wanaondoka nazo kazini. Nakaa kibarazani natazama ziwa. Kwangu ni ng'ambo ya maji hayo hayo, migomba inaanguka haina mtu wa kuiwekea nguzo. Mzee kwetu hahamii kwa binti yake. Anatembelea, analala, anaaga.

Turudi kwenye kahawa. Kikombe cha kwanza kilinuka beseni jipya la plastiki.

"Vipi, baba?"

"Nzuri, mwanangu."

Ningesema nini? Cha mkwe hakitiwi kasoro. Nina rafiki alipewa ugali una mchanga ukweni, akala, akaona aibu kuacha, akaongezewa. Mpaka leo ukimtajia ule ugali anashika shavu. Basi na mimi nikasema nzuri, nikaongezewa. Kila asubuhi nzuri, kila asubuhi naongezewa.

Siku moja nikawasikia sebuleni, wakidhani nimelala.

"Baba ameshazoea," mkwe anasema. "Huoni anavyoipenda kahawa? Akae tu moja kwa moja. Ile nyumba ya kijijini tutafute mpangaji."

"Hata mimi naona ametulia," binti yangu akajibu.

Kumbe zile nzuri zangu ndizo zinazonimaliza! Asubuhi nikanywa, nikaweka kikombe mezani.

"Mkwe, kahawa hii ni mbaya."

Binti yangu aliangusha kijiko. "Baba jamani!"

Nilitegemea mkwe anune, aseme mzee huyu hana adabu, apelekwe Nyegezi akapande basi la kwao. Wapi! Alivuta kiti akakaa karibu, macho yanawaka.

"Mbaya vipi, baba? Ina uchachu au uchungu?"

"Uchachu. Kama imetiwa ndimu."

"Afadhali umesema. Mimi mwenyewe nilikuwa nainywa kwa shida, naona aibu, wewe unaisifu. Sasa huondoki hapa mpaka tuipatie. Wewe ndiye ulimi wetu."

Hapo nikajua nimetoka shimoni nikaingia kisimani.

Alianza kuihangaikia. Akasema punje zimesagwa kubwa mno, maji yanapita mbio, ndiyo uchachu. Akazisaga laini kama unga wa muhogo. Kahawa ikawa inadondoka tone tone, chungu, inakwaruza koo. Akarudi katikati. Akapitisha maji matupu kwenye mashine mara nyingi, harufu ya beseni ikaisha. Nikamwambia bado kuna dawa ya maji ya bomba, akawa anayaacha usiku kucha yakae wazi. Kweli, ile ladha ya dawa ikaisha. Kila badiliko kikombe, kila kikombe mimi. Silali, moyo unapiga kama wa mwizi, na bado kuna kitu kwa nyuma, kinakuja ukishameza.

"Kuna samaki humu," nikasema.

"Samaki, baba? Ziwa limekuingia kichwani," mkwe akacheka.

Akanusa mashine, akanusa vikombe, akanusa kitambaa. Binti yangu hakucheka. Alikwenda stoo akarudi na ndoo ya mfuniko. Akafunua. Ndani mlikuwa na buni yangu iliyokaangwa, na pembeni yake furushi la dagaa wakavu.

"Niliwaweka pamoja panya wasile," akasema kwa sauti ndogo.

"Dagaa wa nini hao?" mkwe akauliza.

"Niliwanunua baba alipokuja. Wa safari yake. Wa kurudi nao."

Nilitazama lile furushi. Kwetu ni juu, mbali na ziwa, dagaa wanatufikia wamechoka, na majirani wangu wanajua mtu akitoka Mwanza lazima wagawiwe. Furushi langu la kuagia lilikuwa limekaa gizani na buni yangu muda wote huo, mpaka kimoja kikanuka kingine.

Mkwe alikuwa na buni nyingine. Akasaga, akatengeneza. Naomba nisidanganye sasa: ilikuwa nzuri. Nzuri sana.

"Umeona, baba!" akapiga makofi. "Sasa utaishi kama mfalme."

Binti yangu akainua furushi. "Hawa nitawapika mchana, wasiharibike. Siku ukienda nitakununulia wengine."

"Lete hapa."

"Baba, wananuka."

"Wanuke. Ukiwapika hawa, umenizika humu ndani. Watatoka siku nitakayotoka mimi."

Nikawabeba mpaka chumbani, nikawasukuma chini ya kitanda.

Wako huko hadi leo. Harufu imefika sebuleni, wageni wanauliza, mkwe amenunua dawa ya kupulizia, imeshindwa. Asubuhi ananiletea kahawa mlangoni, haingii.

"Vipi, baba?"

"Nzuri," namwambia. "Na dagaa bado wako safi."