Mbao za Kunuswa

Weldon ni dereva wa basi la shule kule Sachangwan, na kama watu wengi walioshika usukani miaka kumi na minane, haamini kuna kazi ya mikono inayoweza kumshinda. Mwaka jana alijenga kabati la nguo ukutani, chumbani mwao, kwa chipbodi, zile bodi za vumbi la mbao lililogandishwa kwa gundi. Alilipigilia moja kwa moja kwenye ukuta wa nje, ule unaolowa ukungu tangu Juni hadi Agosti. Fundi yeyote angemkataza, lakini Weldon haambiliki. Kufikia Septemba mgongo wa kabati ulikuwa mweusi kwa kuvu, na mkewe Chepkorir, mwenye pumu, alikuwa amelazwa siku nne akipumua kwa mashine.

Kabati lilichomwa. Sasa walikuwa Molo, kwenye yadi ya Muiruri muuza mbao, na Weldon alikuwa ameshachagua: bodi nyeupe za kung'aa. Jumamosi wamama wa chama cha akiba wangekuja, na wao wakija huoneshwa nyumba mpaka chumbani.

"Nikatie kipande ninuse," Chepkorir alisema.

"Mama Jepleting, hizi ni mbao, si maziwa," Weldon alisema.

"Kata tu, boss," Chepkorir akamwambia Muiruri.

Msumeno ukapita, harufu ya gundi ikatoka. Chepkorir alivuta pumzi moja, kifua kikaanza kulia filimbi. Akatoa dawa mkobani, akaivuta, akasubiri amefumba macho. Weldon aliogopa, tena sana. Mwaka jana ndiye aliyembeba mgongoni hadi barabarani.

"Twende home," alisema.

"Bado."

Akanusa ubao mbichi wa saiprasi, uliopasuliwa juzi. Harufu yake kali ikairudisha filimbi. Weldon alimshika mkono, Chepkorir akautoa.

"Mathe, kuna zile za zamani," Muiruri alisema. "Zilikuwa kanisa huko Dundori, wakalibomoa."

Zilikuwa za kijivu, kavu, zimejaa matundu ya misumari. Chepkorir akaweka pua juu ya ubao, akavuta pumzi. Akavuta tena, ndefu zaidi. Kifua kilinyamaza.

"Tunachukua hizi. Na safari hii uache nafasi kati ya kabati na ukuta."

"Na hayo matundu? Wamama wa chama watasema nini?"

"Watasema, halafu waende kwao. Mimi ndiye nalala hapo, Weldon."

Tangu binti yao Jepleting azaliwe, Chepkorir hakuwa amemwita mumewe kwa jina lake. Weldon alivua koti, akaanza kuteremsha zile mbao kuukuu, moja moja.