Kijibwa Cheupe Kwenye Masizi ya Miwa

Juzi tulipanga foleni kwa daktari wa mifugo hapa Kakamega, mbwa wetu wachanjwe. Mbele yangu mama mmoja, mkulima wa miwa, alipakata kijibwa cheupe chenye manyoya tele, akikichana kwa kitana chake mwenyewe.

"Tangu kiwanda cha sukari kije tunanyeshewa masizi ya miwa," daktari akasema. "Huyu anabakije mweupe?"

"Namuoshanga kila jioni, namkausha na leso yangu nzuri."

"Na anafanyanga kazi gani, mama?"

"Nikitoka shamba ananikimbilianga kama nimetoka ng'ambo."

Tulicheka. Mama akainua kidevu, akaweka kijibwa chake mezani. Kikadungwa sindano kimya, kikaramba mkono wa daktari.

Jibwa langu la kulinda boma lilikuwa limejificha nyuma ya magoti yangu, likitetemeka.

"Baba," mama akaniuliza kwa upole, "nikushikie huyo wako?"