Bruchi Isiyo na Pini

Drahomira alikuwa akilehemu pini migongoni mwa bruchi, mapambo ya kifuani, tangu binti yake akiwa mchanga, na hakuwahi kuvaa hata moja. Kule Jablonec, mji wa vito vya kioo, kila nyumba ya mlimani ilikuwa na kipande chake cha kazi. Mafundi wa shaba walipiga vibati vya bruchi, yeye akatia pini, jirani yake Kveta akapanga vito vya kioo, kisha gari la kiwanda likazoa kila kitu kupeleka nje ya nchi kuleta fedha za kigeni. Bruchi iliyokamilika aliiona picha yake tu, ukutani kwa msimamizi. Duka la mjini liliuza vifungo vya makoti, tena vya kahawia vitupu.

Sasa binti yake, Radka, alikuwa anaolewa, na Drahomira alitaka jambo moja tu: kusimama mbele ya watu na bruchi ya kazi yake kifuani. Je, hilo ni kubwa? Alimwomba msimamizi, akaambiwa mali ya nje ni ya nje. Akaomba hata iliyoharibika, akaambiwa zilizoharibika husagwa. Alirudi nyumbani amefura, akakanda unga wa vikate vya harusi kwa ngumi.

Vikate hivyo ndivyo alivyovizungusha kwa majirani, kama ilivyo desturi, na kila mlango akamwaga malalamiko yake. Otakar, fundi wa vibati, alisikiliza huku anatafuna.

"Tulia, mama. Harusini hufiki kifua kitupu," akamwambia. "Ila usiniulize kibati nimekitoa wapi."

Asubuhi ya harusi, saa mbili kabla ya kwenda ofisi ya mji kufungisha ndoa, Kveta akabisha hodi, akaingia mikono nyuma, anacheka peke yake. Akafungua kiganja. Lo! Bruchi ya mviringo, vito vyekundu vimezunguka kimoja cheupe, inawaka jikoni mle. Miaka yote ile ya moshi machoni, kumbe mwisho wake ulikuwa huu. Drahomira akaichukua, akaigeuza kama walivyozoea watu wa kwao, maana wao bruchi huitazama mgongo kwanza.

Mgongo mtupu. Laini kama sahani.

"Kveta, pini iko wapi?"

"Si utatia wewe? Pini ni idara yako. Umejaza makopo tele humu ndani."

"Kwangu hupita kwanza, Kveta! Kwanza! Kibati huletwa kwako kikiwa na pini tayari, hujawahi kuona?"

"Nimeona. Lakini Otakar alikileta kwangu moja kwa moja, tukushtukize. Nikasema utaibandika mwenyewe, dakika mbili."

"Kwa moto? Vito vyote vipasuke?"

Kveta akashika mdomo. "Yesu Maria. Basi gundi."

"Gundi yako hukauka lini?"

"Kesho," Kveta akajibu kwa sauti ndogo.

Drahomira alikaa kitako. Makopo ya pini yalikuwa pale rafuni, pini maelfu alizozilaani kila alipochomwa kidole, na leo hakuna hata moja ya kumfaa. Alijaribu uzi, bruchi ikateleza. Akajaribu pini ya nepi, haikuwa na pa kushika. Mumewe, Bohumil, alichungulia mlangoni akifunga tai.

"Acha basi, Draha. Nani atamtazama mama mtu?"

"Toka hapa, Bohumil, kabla sijakulehemu wewe!"

Bohumil akaenda zake. Drahomira akaiweka bruchi juu ya gauni lake la bluu, upande wa kushoto, akaifunika kwa kiganja na kuishikilia. Hivyo akapanda ngazi za ofisi ya mji, hivyo akasimama nyuma ya binti yake. Radka aliposema "ndiyo," Drahomira hakuweza hata kufuta machozi, maana mkono mwingine umebeba maua. Mama mkwe wa Radka, mwenyeji wa mji mkuu, Praha, akamwinamia.

"Ni moyo, dada? Nina vidonge."

"Siyo moyo," Drahomira akanong'ona kwa hasira. "Tulia tu."

Nje, mpiga picha akawapanga ngazini. "Mama wa bibi harusi, shusha mkono tafadhali."

"Sishushi."

"Utaonekana kama mgonjwa, mama."

"Piga!"

Akapiga. Jumatatu Kveta aling'oa vito, Drahomira akatia pini, vikarudishwa, na tangu hapo bruchi imekaa kabatini kwa sababu haikutokea harusi nyingine ya kuivalia. Picha ndiyo iko ukutani. Kila mgeni akiitazama humhurumia mama yule aliyeshika moyo wake, na husema kweli alimpenda sana mwanawe.

"Nampenda, ndiyo," Drahomira hujibu, akiinamia moto wake. "Lakini hapo nilikuwa nimeshika bruchi."