Fundi Assumani na neno lililomponza dereva

Saa moja na nusu asubuhi, katika gereji ya wazi mtaani Kabondo, mjini Kisangani, mwanamke mmoja ameketi nyuma ya usukani wa gari dogo jeupe. Anazungusha ufunguo. Stata inaitikia, injini inazunguka kwa nguvu, inazunguka tena, lakini haiwaki.

"Papa, ni pampu ao ni nini?" anauliza. Amechelewa kazini.

Fundi Assumani Feruzi, mwenye umri wa miaka 51, anainama kwenye injini. Anafungua plagi moja, anaichomeka kwenye waya wake, anaigusisha kwenye chuma na kumwomba mama azungushe tena. Cheche ya buluu inaruka. Anataka kuiona mara ya pili.

"Moto iko," anasema hatimaye. "Bon, sasa tuangalie kama essence inafika."

Petroli haifiki. Dakika kumi baadaye anakuta fyuzi ya pampu ya mafuta imekatika. Anaweka nyingine, gari linawaka, mama anaondoka.

Assumani amefanya kazi hii miaka 27, na kwa wiki hupokea magari sita au saba. Zamani alikuwa akitaja ugonjwa wa gari kabla dereva hajashuka. Mafundi wenzake walimwita Sikio, na jina hilo lilimpendeza.

"Sasa watu wanasema nimekuwa polepole," anasema huku akifuta mikono. "Hawajue sababu. Ni aibu."

Ijumaa moja mwezi Machi, gari la Mama Josée, mwenye duka la dawa, lilivutwa hadi hapa. Injini ilikuwa ikizunguka bila kuwaka. Dereva wake, Jérémie Lokwa, baba wa watoto watatu, aliliacha na kurudi dukani kwa miguu.

Magari manne yalikuwa yanasubiri, na saa ya swala ilikaribia. Assumani aliinama kwenye mdomo wa tangi, akanusa, akasikia harufu ya mafuta ya taa, ambayo hapa huitwa pétrole. Hakufungua plagi hata moja. Alimpigia simu Mama Josée palepale.

"Nilimuambia, 'Mama, dereva wako anauza essence, kisha anajaza pétrole. Anakuibia.' Nilisema vile, kama mutu aliyeona."

Jioni ile Jérémie alifukuzwa kazi.

Kesho yake Assumani alimwaga mafuta yote yaliyokuwa kwenye tangi. Yalikuwa safi. Harufu aliyoisikia ilitoka kwenye mikono yake mwenyewe, kwani asubuhi ya Ijumaa alikuwa akiosha vyuma kwa mafuta ya taa. Alijaza mafuta mapya, na bado injini ikazunguka bila kuwaka.

Ndipo akapima cheche. Hakukuwa na cheche. Akafuata nyaya hadi chini ya giaboksi, akakuta waya wa sensa inayoiambia injini wakati wa kutoa moto umeungua kwenye bomba la moshi. Wiki mbili kabla, alipobadilisha klachi ya gari hilohilo, ni yeye aliyesahau kuufunga waya huo mahali pake.

"Nililala pale chini ya gari, sikutaka kutoka," anasema.

Kuurekebisha kulimchukua dakika ishirini. Mama Josée alipokuja kuchukua gari, alimshika mkono: "Papa Assumani, bila weye ningeendelea kuibiwa."

"Na mimi nikamujibu, 'Merci, mama,'" Assumani anasema.

Alikaa na siri hiyo siku kumi na moja. Mkewe, Khadija, anakumbuka kwamba chakula kilikuwa kinarudi jikoni kama kilivyopelekwa. "Nikimuuliza, anasema ni malaria."

Siku ya kumi na mbili Jérémie mwenyewe alifika gereji. Mama Josée hakuwa amemwambia nani alimshtaki.

"Tonton," alisema, akimwita mjomba kwa heshima, "kuko mutu moja anatafuta dereva. Weye unanijua. Unaweza kumuambia kama mi si mwizi?"

Assumani alijibu, "Nitaona," huku macho yake yakiwa kwenye spana. Jérémie akamshukuru, akaondoka.

Asubuhi iliyofuata Assumani alikwenda kwenye duka la dawa, akamwambia Mama Josée kila kitu mbele ya wateja. Kisha akapanda mtumbwi kuvuka mto hadi Lubunga, anakoishi Jérémie. Alimkuta Jérémie shambani akichimba mihogo pamoja na mkewe, Vicky, akamweleza yote.

Jérémie alisikiliza bila kuacha jembe. Aliyejibu ni Vicky.

"Hapa quartier wote wanamuita mwizi. Utapita mulango kwa mulango?"

"Nitapita," Assumani alisema.

Alipita. Nyumba tisa za mtaa huo, na Jumapili ile akasimama mbele ya waumini kwenye kanisa analosali Jérémie, yeye Mwislamu, akarudia maneno yaleyale. Katika nyumba moja walimcheka. Katika nyingine mzee mmoja alimfungia mlango.

Jérémie alirudi kazini wiki moja baadaye. Nilipomkuta nje ya duka la dawa, hakutaka kusema mengi.

"Nimemusamehe," alisema. "Lakini watoto wangu walisikia ile jina. Gari ninapeleka kwa fundi mwengine."

Assumani anajua, na hamlaumu. Baadhi ya wateja wengine pia wamemhama. Wanaobaki huonyeshwa kila kifaa kibovu kabla hajataja sababu, na simu ya kumshtaki mtu hapigi tena.

Nilimuuliza anatarajia nini kutoka kwa Jérémie.

"Sitamufuata kumuomba," alisema. "Lakini siku moja gari ikimukatalia, na yeye mwenyewe akaamua kuileta hapa, nitafunga kazi zingine zote. Nitamuita asimame karibu yangu, aangalie na macho yake mpaka mwisho."