Mwalimu Tekla alipoanguka mazoezini



Mimi napiga kinanda kwenye kwaya ya wanafunzi waliochaguliwa kutoka sekondari za hapa Songea. Leo mazoezini, Mwalimu Tekla, anayetuongoza, aliinua mkono ili wavulana waingie na sauti yao, akaanguka.

Watoto wakaacha kuimba.

Mimi nikaendelea kupiga. Niliogopa kwamba nikiacha tu, wote watapiga mayowe.

Zuhura wa sauti ya kwanza akapiga magoti, akamwinua kichwa. "Sukari yake imeshuka, mama yangu huwa hivi. Leteni soda."

Mwalimu alipofumbua macho, Zuhura akamnywesha kidogo kidogo. Jamani, zile dakika.

Kisha Mwalimu akanigeukia, akasema taratibu: "Umeukimbiza wimbo, mdogo wangu."

Nimelia mbele ya wanafunzi wote.

Nyie mngeweza kuacha kupiga?