Tangazo la Kisima cha Kihonda

Sijawahi kumpenda mkuu wangu wa kazi, na sitaanza leo. Mashirika ya umma yalipokuwa yanauzwa, yeye alijifunza kuvaa tai na kumwita "mteja" hata mtu aliyekuja kulalamikia kipindupindu. Ofisi yetu ya afya ilipounganishiwa intaneti, nilikabidhiwa tovuti kwa sababu nilijua kuchapa.

Kule Kihonda ghala la ushirika lilikuwa limefungwa, na mapipa ya dawa ya wadudu wa pamba yakaachwa humo humo. Yakavuja. Majibu ya vipimo vya kisima cha jirani yaliporudi, niliandika waziwazi: maji yana sumu, msiyanywe, kuchemsha hakusaidii.

Mkuu alisoma, akacheka kwa dharau. "Una kiherehere wewe. Mnunuzi wa lile ghala yuko njiani. Funika kombe mwanaharamu apite." Akaniamuru nifute habari ya sumu, niweke yale maneno ya kila masika: chemsheni maji kabla ya kunywa. Nikayaweka, kwa vidole vyangu hivi hivi. Nilijiambia, kwani nani Kihonda anasoma tovuti?

Walisoma. Mwalimu mmoja alilichapa tangazo kwenye kibanda cha intaneti mjini, akalibandika pale kisimani. Watu waliokuwa wamekikimbia kisima kwa ile harufu wakarudi na ndoo zao. Ofisi imesema chemsha, basi wanachemsha.

Dada yangu alikaa Kihonda huko huko na mwanawe wa miaka miwili. Sikumwonya, maana nyumbani kwake kulikuwa na bomba. Jumapili nikaenda kumsalimia.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Bomba limekauka wiki ya pili sasa, lakini karibu maji." Akanipa kikombe, kama apewavyo mgeni yeyote. Mtoto alikuwa nyuma yake na kikombe chake mdomoni. "Ya kisimani hayo. Nimeyachemsha mara mbili, kama mlivyoandika. Kunywa."

Nilikishika. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nikakiweka chini bila kunywa.

Alikitazama kikombe, kisha akanitazama mimi. Akampokonya mtoto kikombe chake, mtoto akaanza kulia.

"Ulijua," akasema.

Nikamwambia niliagizwa.

"Na huyo aliyekuagiza," akaniuliza, "ndiye mjomba wa huyu mtoto?"